Kabla hujasema bibi kasahau, hakikisha kwanza ilimwingia

Hii naiandika kwa wale mnaoishi na mzee mwenye dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na kufikiri pole pole, na Alzheimer ni aina yake mojawapo) ndani ya nyumba moja, siyo wale wanaokuja Idi na maboksi ya tende wakakaa saa mbili wakaondoka. Mi naishi na bibi yangu hapa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa tano tangu daktari atuambie ni Alzheimer, na kitu kilichonichukua muda mrefu kukielewa kuliko vyote ni kwamba mengi tuliyokuwa tunasema "bibi kasahau" wala hakuyasahau, maana hayakuwahi kumwingia. Umemwambia huku TV inaongea, feni inapiga kelele, mtoto analilia simu na wewe mwenyewe umempa mgongo unakuna nazi, sasa hapo yeye asahau nini?

Bibi alikuwa msukaji wa ukili, ule ukanda wa miyaa (majani ya mkindu) unaoshonwa kuwa mkeka, mikeka ya nyumba nyingi mtaani kwetu imetoka mikononi mwake, na ndiye aliyenifundisha kwamba ukichomeka mwaa mpya lazima uubane chini ya wenzake, usipoubana ukivuta kidogo tu unachomoka. Mi ndivyo ninavyouelewa huu ugonjwa. Kuna maneno ambayo hayakuchomekwa kabisa, hilo ni tatizo la umakini. Kuna yaliyochomekwa, kayasikia, kayajibu vizuri tu, lakini hayakubanwa, baada ya dakika tano yamechomoka, hiyo ndo kumbukumbu. Na kuna ule mkeka wa zamani ulioshonwa ukaisha, ule haufumuki kirahisi, ndo maana bibi hajui kala nini mchana lakini usiku wa Uhuru mwaka 1961 anakuhadithia mpaka khanga aliyovaa.

Kihospitali inaelezwa hivi. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu mbili ndogo zinaitwa hipokampasi, moja kila upande, na kazi yake kubwa ni kuyakazia mambo mapya yakae. Alzheimer mara nyingi inaanza kuharibu maeneo hayo, wakati mambo ya zamani yameshasambaa sehemu nyingine za ubongo kwa hiyo yanachelewa kuguswa. Umakini nao unategemea sana sehemu za mbele za ubongo na mawasiliano yake na sehemu nyingine, zikilegea mzee anashindwa kuchuja, yaani sauti yako, redio, pikipiki inayopita nje vyote vinamfikia kwa uzito mmoja. Halafu dimenshia siyo moja. Ile ya mishipa ya damu, hasa kwa wenye presha au waliopata kiharusi, mara nyingi inapunguza umakini na wepesi wa kufikiri kabla hata kusahau hakujawa kukubwa. Ile inayoitwa ya miili ya Lewy (jina la uchafu wa protini unaojikusanya kwenye ubongo) umakini unapanda na kushuka, asubuhi anaongea kama zamani, jioni anakukodolea macho tu. Kwa hiyo usimlinganishe bibi yako na babu wa jirani ukasema mbona yule anajitahidi.

Na msiniambie ni ugonjwa wa Wazungu. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa vijijini wa miaka 70 na kuendelea wakakuta karibu 6 katika kila 100 wana dimenshia. Uzee wa kawaida ni kusahau ulipoweka funguo halafu baadaye unakumbuka, au ukikumbushwa unasema "aah kweli". Kuushika ufunguo mkononi ukawa hujui ni wa kazi gani siyo uzee, na wala siyo kurogwa.

Jua kwanza kimekwama wapi

Chagua muda ambao katulia, bibi yangu ni asubuhi baada ya chai. Zima kila kitu. Mtajie maneno matatu yasiyohusiana, mfano embe, ngazi, shati, mwambie ayarudie hapo hapo. Akishindwa kuyarudia papo hapo hata ukimtajia mara ya pili na ya tatu, shida ya kwanza ni umakini, au masikio, nitafika huko. Akiyarudia, pigeni stori nyingine dakika kama tano afu muulize. Akikosa mpe dokezo, "moja lilikuwa tunda". Akishtuka akasema embe, basi lilikaa, anachoshindwa ni kulitafuta tu, na mzee wa namna hiyo ukimwekea vidokezo kila kona anaenda vizuri. Akikutazama kama vile hamkuwahi kuongea chochote, limechomoka, na kumwambia "si nilikwambia?" hapo ni kumuonea.

Hiki siyo kipimo cha daktari, usiende kutangaza kwenye grupu la familia kwamba umempima bibi kakutwa na hiki na kile. Ni cha kukusaidia wewe ujue uongeze nguvu wapi. Fanya mara moja, baada ya miezi kadhaa tena kama kuna mabadiliko, basi.

Masikio sasa. Kuna kipindi tuliamini bibi kazidiwa kabisa, hajibu, anajibu vitu vingine, tukashapanga nani atalala naye, kumbe masikio yote mawili yalikuwa yamejaa nta. Yaliposafishwa kliniki akarudi, siyo kwamba alipona, ila alirudi pale alipokuwa miezi mitatu nyuma. Mtoto wa jicho vilevile. Mzee asiyesikia vizuri anatumia nguvu zake zote za kichwa kukisia ulisema nini, akimaliza kukisia hana nguvu iliyobaki ya kushika ulichosema.

Na hili lishikeni sana: dimenshia inakuja pole pole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa Jumatatu na Jumatano hajui yuko wapi, anaweweseka, anasinzia ovyo au anaona watu wasiokuwepo, huyo siyo dimenshia imezidi ghafla, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa UTI, malaria, nimonia, upungufu wa maji, sukari, dawa, au damu imevujia kichwani baada ya kuanguka hata wiki kadhaa nyuma. Mwenye dimenshia ndo anapatwa na hali hii kirahisi zaidi, kwa hiyo usiseme "si ana ule ugonjwa wake".

Kuongea naye mpaka imwingie

Nenda mbele yake, siyo kumuitia kutoka jikoni. Inama au kaa macho yenu yawe sawa. Mwamkie kwanza, "shikamoo bibi", hii shikamoo jamani inafanya kazi kuliko mnavyodhani, maana jibu lake limo mwilini miaka yote, akishasema "marahaba" tayari umeshaipata akili yake iko kwako. Mguse mkono. Halafu sema jambo moja. Moja tu, siyo "bibi twende ukaoge afu uvae lile gauni la bluu maana mjomba anakuja mchana tutakula pilau", hayo ni mambo manne na yeye kashika pilau, au hakushika lolote. Mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anashika kichwani vitu kama vinne tu kwa mkupuo, yeye mhesabie kimoja.

Ukishasema, nyamaza. Hapa ndo wengi tunaharibu. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, ikibidi kumi na tano, kabla hujarudia, na ukirudia tumia maneno yale yale, kwa sababu ukibadilisha ("njoo ukaoge" ikawa "twende bafuni basi, maji yanapoa") yeye anaanza upya kuchakata sentensi mpya. Maswali ya wazi kama "unataka kula nini?" yaache, mwambie "chai au uji?", na kama umeshika kikombe na bakuli anaviona kwa macho ni bora zaidi.

Mjomba wetu yuko Muscat, alikuwa anapiga video Ijumaa akiwa na familia nzima, watoto watano wanapokezana simu, kila mmoja "bibi hujambo bibi, unaniona bibi", na bibi anageuza uso anataka simu iondoke, mjomba anaumia anasema mama hanitaki tena. Siku hizi anapiga peke yake, kakaa karibu na kamera, nyuma yake ukuta mtupu, dakika saba nane, anaanza kwa kujitaja jina na hadithi moja ya Pangani walikokuwa wanaishi, na bibi anacheka mpaka anajifuta machozi. Wiki ijayo hakumbuki kama alipiga, ila siku nzima anakuwa mchangamfu.

Nyumba nayo ipunguzieni makelele. Redio na TV zisiwake kwa ajili ya kuwaka tu. Wakati wa kula weka sahani moja yenye rangi tofauti na kitambaa cha meza, ondoa chupa ya chai, kopo la sukari, simu, dawa ya mbu, vyote hivyo ni vitu vya kumvuta macho. Kuna siku bibi alikuwa hali, tukasema hana hamu, kumbe wali mweupe kwenye sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe haoni chakula kiko wapi.

Mambo yanayohitaji kushika viwili kwa pamoja

Hapa ndo ajali zinapotokea. Kukaanga maandazi huku unaangalia mlango, kupika huku unaongea na simu, hivyo vinahitaji akili igawanyike na irudi, na akili yake ikiondoka kwenye jiko hairudi. Usimkataze jikoni moja kwa moja, gawa kazi, wewe shika moto yeye achambue mchele, achague maharage. Mtungi wa gesi ufunge kwenye regyuleta ukitoka. Dawa zinawekwa kwenye kile kiboksi chenye vyumba vya siku saba na anayekaa nacho ni wewe, maana "sijanywa" ya bibi anaisema kwa moyo safi kabisa wakati keshakunywa.

Swala ilitusumbua sana. Bibi akiswali peke yake adhuhuri inafika rakaa sita, saba, mara anaanza upya, mpaka anachoka analia. Mwili unajua kurukuu na kusujudu, sura anazisoma bila kukwama hata neno, kinachopotea ni hesabu, kwa sababu kuhesabu kunataka ushike namba kichwani huku unafanya kitu kingine. Sasa mama mdogo anaswali naye bega kwa bega, yeye anaongoza bibi anafuata, na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Ukilielewa hili la hesabu utaona liko kila mahali, chumvi kwenye mchuzi mara tatu, chenji dukani, vifungo vya blauzi.

Swali lile lile mara ishirini

"Saa ngapi?" "Mama yako karudi?" Najua linavyochosha, mi mwenyewe nimeshawahi kutoka nje nikasimama chini ya mwembe nipumue. Kwanza jibu fupi, kwa sauti ile ile, kama ndo mara ya kwanza, kwa sababu kwake ndo mara ya kwanza. Pili sikiliza hofu iliyo nyuma ya swali, "mama yako karudi?" mara nyingi ni "nitabaki peke yangu?", kwa hiyo jibu linalomtuliza zaidi ni "mi nipo, siondoki". Tatu andika. Kama bado anasoma, ubao mdogo ukutani: LEO JUMANNE, MAMA ATARUDI SAA KUMI, na akiuliza usimjibu kwa mdomo, nenda naye mpaka ubaoni asome mwenyewe, baada ya wiki kadhaa bibi alikuwa anaenda peke yake.

Kuna mbinu moja ya kumfundisha jambo dogo jipya, hata mwenye kumbukumbu mbovu, na inafanya kazi kwa vile haipitii ile njia iliyoharibika. Chagua jambo moja tu lenye faida kweli, sisi ilikuwa choo. Nikamwambia, "Choo kiko mlango wenye pazia la kijani." Hapo hapo nikamuuliza, "Choo kiko wapi?" akajibu. Nikasubiri nusu dakika nikauliza tena, akajibu. Dakika moja. Mbili. Nne. Nane. Katikati mnaongea mambo mengine kama kawaida. Akikosea usimwambie "fikiria, fikiria", kwa sababu akibahatisha jibu la uongo ndo linalokaa, mwambie jibu sahihi papo hapo, alirudie, kisha rudi kwenye muda wa mwisho aliopatia uanzie hapo. Tulifanya kila siku kidogo kwa kama wiki mbili. Ukimuuliza nani kakufundisha anasema hakuna, najua tu.

Hilo si ajabu. Mwaka 1953 kule Hartford, Marekani, kijana wa miaka 27 mwenye kifafa, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili, na tangu hapo hakuweza kushika jambo jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku anauangalia mkono wake kwenye kioo. Siku ya kwanza makosa tele, siku ya tatu anachora safi, na kila siku kwake ilikuwa ndo anaiona kazi hiyo mara ya kwanza. Mikono ina kumbukumbu yake pembeni.

Kwa hiyo mpe mikono kazi yake ya zamani. Bibi ukimwambia "suka ukili" hafanyi kitu, anakutazama, kuanza ndo kazi ngumu kwake, lakini ukimwanzia wewe, ukamwekea mkononi zile njia zimeshapishana na miyaa imelowekwa, vidole vinaondoka vyenyewe na anaweza kwenda hata nusu saa. Miyaa ya rangi nimeiondoa, inamtaka ahesabu, akikosea mpangilio anautupa wote. Methali nazo ni hivyo hivyo, anza "haba na haba" yeye atamalizia. Vikundi vya kuchangamsha akili kwa wenye dimenshia vilijaribiwa hapo Hai, vikao 14, vikarekebishwa viendane na maisha ya wazee wetu, na nyumbani unaweza kufanya cha kwako, vitendawili, kunusa iliki na mdalasini na kuvitaja, picha za zamani.

Wageni

"Bibi unanijua mimi nani? Hebu nitaje." Shangazi yangu mmoja (nampenda, ila) alikuwa kila akija lazima afanye huo mtihani mbele za watu, bibi anacheka cheka, anatafuta, anaanza kusokota ncha ya khanga, na tukimaliza chai shangazi kaondoka kafurahi, sisi tunabaki na bibi aliyenuna mpaka usiku na hajui kwa nini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 2014 waliwaonyesha watu wenye Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha, baada ya muda mfupi wengi hawakukumbuka walichotazama lakini huzuni yenyewe au furaha yenyewe ilikuwa bado ipo. Kwa hiyo mgeni akifika mimi namwahi mlangoni: jitaje, sema wewe mtoto wa nani, kaa karibu, njooni wawili wawili.

Pesa ya kwenye pindo la khanga pia nitaje, maana imefukuzisha madada wa kazi wengi wasio na kosa. Bibi anafunga elfu tano kwenye pindo, anabadilisha khanga, jioni "nimeibiwa". Kufunga pindo anafanya kwa mazoea bila akili kuwepo, kwa hiyo hakuna cha kukumbuka. Usibishane, sema "tutafute wote", na uwe na kipochi kinachofanana na chake chenye noti ndogo ndogo. Ikifika magharibi anapoanza "nataka kwenda kwetu", washa taa mapema kabla giza halijaingia, funga mapazia, mpe kazi ya mkono, usimwambie "hapa ndo kwenu" kwa sauti ya kubishana, muulize kwenu kukoje, mara nyingi safari inaishia kwenye hadithi.

Siku ya kliniki

Nenda na daftari. Andika lini ilianza, inakuja pole pole au kwa ngazi ngazi, saa gani za siku anakuwa vizuri na saa gani vibaya, kaanguka lini, analala vipi, na mifano miwili mitatu ya kweli kama ile ya rakaa, daktari anaelewa haraka kuliko ukimwambia "anasahau sahau". Uliza kuhusu vipimo vya damu, vitamini B12, tezi ya shingo, VVU na kaswende, maana kuna kusahau kunakotibika, na sonona nayo inaweza kufanana na dimenshia kabisa. Na dawa zote anazotumia zibebe kwenye mfuko, zote, hata za kienyeji na zile za dukani, kwa sababu baadhi ya dawa za mafua na aleji zinazoleta usingizi, amitriptilini (ya sonona au maumivu ya neva), na benzeksoli (ya kutetemeka na kukakamaa) zinazuia kemikali ileile ambayo ubongo wake tayari unaikosa kwa ajili ya umakini na kumbukumbu. Usizikatishe mwenyewe, zimwage mezani moja moja, uliza kila moja ni ya nini na kama bado anaihitaji.